Meza ya Kula kwa Kaya ya Watu Kumi na Wawili

Sensa ya Watu na Makazi ya Tanzania ya Agosti 2012 ilifanyika miezi michache tu baada ya Simiyu kumegwa na kuwa mkoa. Iliwakuta wakazi 1,584,157, na wastani wa watu 6.9 kwa kila kaya, wakati wastani wa nchi nzima haukufika 5. Mtu wa Dutwa, kata ya mkoa huo iliyo kwenye barabara itokayo Bariadi kwenda Lamadi, hahitaji takwimu ili alijue hilo. Babu na bibi, mwana aliyeoa na mkewe, wajukuu, mtoto wa shangazi aliyeletwa kusoma sekondari na kijana anayechunga ng'ombe, wote wanasubiri ugali wa sufuria moja. Na sensa yenyewe huitambua kaya kwa njia hiyo: ni watu wanaoishi pamoja na kushirikiana mahitaji ya maisha, chakula kikiwa cha kwanza.

Pamba ikishauzwa na madeni kulipwa, baadhi ya familia hizi hufikiria meza ya kula. Wengi huchagua kwa macho. Wanaiona meza kwa jirani au dukani mjini Bariadi au Mwanza, yenye viti sita, inang'aa, na wanaitaka hiyo hiyo. Ikionekana ndogo, wanaagiza ya namna ile ile iliyokuzwa. Lakini meza ile ilibuniwa kwa ajili ya watu wachache, kila mmoja na sahani yake, ndani ya chumba maalumu cha kulia. Kaya ya Dutwa inatofautiana nayo kwa idadi, kwa namna ya kula na kwa mahali pa kulia. Ukiikuza meza ile bila kubadili umbo lake, unaukuza pia upungufu wake. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei na aina ya mbao, yapo maswali matatu ya kujibiwa: nani wanakula hapa kila siku, mkono wa kila mmoja unafika wapi, na meza itakaa wapi.

Nani wanakula hapa kila siku

Chukua daftari uandike orodha mbili. Ya kwanza ni ya wanaolala na kula nyumbani siku zote. Ya pili ni ya wageni wa harusi, kipaimara, maulidi au msiba. Hakuna meza itakayoitosha orodha ya pili, na haihitajiki, kwa sababu siku hizo huazimwa viti na maturubai na kila mtu hula alipo. Kipimo kitoke kwenye orodha ya kwanza peke yake.

Orodha hiyo lazima iwe na majina yote, na hapo ndipo familia nyingi zinapopunguza watu bila kusema. Wanahesabiwa baba, wanaume wengine na nafasi mbili za wageni. Mama aliyepika anabaki jikoni na binti zake, na watoto wadogo wanatandikiwa mkeka. Mpangilio huu una mizizi. Katika kaya ya zamani ya Wasukuma, wenyeji wa eneo hili, wanaume na wavulana walikusanyika jioni uani, kuzunguka moto wa shikome. Chakula kililetwa pale kutoka nyumba za akina mama, na baada ya kula wazee walifundisha ukoo, kazi, mifugo na adabu. Wanawake walikula na mabinti zao, na huko nako kulikuwa na mafunzo yake.

Mahali ambapo shikome ingali hai, sioni sababu ya kuivunja kwa meza. Kaya ya namna hiyo inahitaji vigoda imara vya kukalia motoni, na meza ya kawaida kwa wanafunzi na akina mama. Lakini katika nyumba nyingi moto ule umezimika. Wavulana wako bweni, wanaume wanakawia senta, kuni zimekuwa adimu na televisheni iko sebuleni. Kilichobaki ni kutengana kwa wakati wa kula, bila yale mafunzo yaliyokuwa yakitolewa kila upande. Katika nyumba hizo meza inaweza kuwa mahali papya pa kukutana, mradi iwe na nafasi ya kila jina lililo kwenye orodha, la mpishi likiwemo.

Watoto wadogo wahesabiwe kwa sababu nyingine pia. Washauri wa lishe husisitiza kwamba mtoto mchanga anayeanza kula awe na bakuli lake mwenyewe. Katika sinia la pamoja mikono ya wakubwa huenda kasi kuliko wake, na hakuna anayejua amekula kiasi gani. Mtoto huyo akae jirani na mama au dada, bakuli lake mbele yake. Mtoto aliyeachwa mkekani haonekani vizuri na mtu aliye mezani.

Mkono unafika wapi

Vipimo vya msingi vya meza ya kula vinajulikana na mafundi wa nchi nyingi. Mtu mzima mmoja anahitaji upana wa sentimita 60, yaani futi 2, ili viwiko visigongane. Uso wa meza uwe na kimo cha sentimita 75, karibu inchi 30. Kiti au benchi liwe na sentimita 45, inchi 18. Kati ya kiti na uso wa meza ibaki nafasi ya sentimita 28 hadi 30 kwa ajili ya mapaja. Fremu inayoshika miguu isishuke sana, la sivyo itabana magoti ya watu wazima hata kama vipimo vingine vyote ni sahihi.

Kwa vipimo hivyo, meza za madukani za watu kumi na wawili mara nyingi huwa na urefu wa futi 10 na upana unaokaribia futi 4. Upana huo unafaa pale ambapo kila mtu ana sahani, kijiko na glasi yake, na katikati panawekwa mabakuli yanayopitishwa. Kwa ugali wa sinia ni tatizo. Mtu mzima aliyekaa hufika kwa raha takriban sentimita 50 mbele yake, na mtoto wa darasa la tatu hafiki huko. Katika meza ya sentimita 120 sinia la katikati liko sentimita 60 kutoka ukingoni, na mlaji mwenyewe amekaa nyuma kidogo ya ukingo huo. Kila tonge linamlazimu ainuke au alale juu ya meza. Kwa hiyo ama sinia litavutwa upande mmoja, ama wadogo watakula kilichobaki.

Jamii zilizozoea kula chombo kimoja zilishalitatua jambo hili. Waethiopia wana mesobu, meza ya duara iliyosukwa kwa nyasi, ndogo kiasi kwamba wote wanaoizunguka wanaifikia injera. Omani, na katika nyumba nyingi za Zanzibar, sinia la wali huwekwa juu ya mkeka na watu wachache hulizunguka. Wakizidi huletwa sinia jingine. Katika meza za duara za Wachina za watu kumi, katikati huwekwa sahani kubwa inayozunguka, chakula kikamfuata mlaji. Kote huko kanuni ni ile ile: umbali kati ya kifua na chakula haubadiliki hata watu wakiongezeka. Kinachoongezeka ni vyombo, au chombo kinazungushwa.

Tukiileta kanuni hiyo Dutwa, upana wa meza usizidi futi 3, yaani sentimita 90. Hapo katikati ni sentimita 45 kutoka kila upande, na hata mtoto anafika. Nyumba inayopakua wali katika sahani haidhuriki, kwa sababu sahani mbili zinazotazamana huchukua sentimita 60 na kubakiza 30 za mabakuli ya maharage na mchicha. Kwa urefu, sinia moja lihudumie watu wanne walio karibu nalo. Kaya ya watu kumi na wawili itahitaji masinia matatu, na mabakuli matatu ya mboga, iwe ni mlenda, dagaa au maziwa mgando. Anayepakua ataigawa mboga mara tatu mbele ya wote, na hilo lenyewe ni haki, kwa sababu anayekaa mwisho wa meza anajua fungu lake liko mbele yake.

Meza ya duara inapendeza na haina kichwa wala mkia, lakini ina kikomo. Yenye kipenyo cha sentimita 120 ina mzunguko wa karibu 377, nafasi ya watu sita, na katikati yake ni sentimita 60, mwisho wa mkono wa mtu mzima. Ya sentimita 150 inaketisha watu wanane kwa kubanana kidogo, ila katikati imeshakimbilia sentimita 75. Kaya ya watu sita inaweza kuichagua. Kaya kubwa zaidi iiache.

Meza itakaa wapi

Kila kiti kinahitaji nafasi nyuma yake ya kukivuta na ya mtu kupita na sufuria ya moto, karibu futi 3. Meza ya futi 10 kwa 3 kwa hiyo inadai sakafu ya futi 16 kwa 9. Sebule yenye futi 14 kwa 12, ambayo tayari ina makochi na kabati, haiwezi kuipokea. Ndiyo maana meza kubwa zilizonunuliwa kwa fahari huishia kusukumwa ukutani. Upande mmoja unakosa wakaaji, na uso wake unajaa chupa za chai, redio na nguo zilizokunjwa.

Uzito nao uhesabiwe. Mninga mkavu una takriban kilo 600 hadi 650 kwa mita moja ya ujazo. Uso wa futi 10 kwa 3 wenye unene wa sentimita 3 unakaribia kilo 50 kabla ya miguu, na hauwezi kukata kona ya korido. Uso wa futi 5 kwa 3 ni nusu yake, kilo 25. Vijana wawili wanautoa nje bila shida.

Na kutoa nje ni jambo kubwa hapa. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua ni nadra, jua la mchana linapasha bati, na ndani ya nyumba joto linakaa hadi usiku. Watu hula barazani au chini ya mwarobaini kwa sababu ndiko kunakokalika. Meza isiyoweza kuwafuata itaachwa peke yake ndani kwa miezi minne.

Kwa sababu hizi zote, kaya ya watu kumi hadi kumi na wanne naishauri iagize meza mbili za futi 5 kwa 3. Kila moja peke yake inaketisha watu sita, wawili kila upande na mmoja kila mwisho. Zikiunganishwa mwisho kwa mwisho zinakuwa futi 10 na kuketisha kumi na wawili, na watoto wakikaa kwenye benchi, wawili zaidi. Zikiunganishwa ubavu kwa ubavu zinakuwa jukwaa la futi 6 kwa 5 la kupangia vyakula siku ya sherehe. Jioni, moja ikifutwa mapema, wanafunzi wanaivuta karibu na taa na kufanya kazi za shule wakati wakubwa wangali wanakula. Mchana nyingine ni ya kuchambulia choroko na mchele.

Mpango huu una gharama zake, na ni vema zijulikane. Miguu ni minane badala ya minne, kwa hiyo mbao na kazi vinaongezeka. Kwenye maungio mchuzi utapenya, na miguu ya katikati itamkera anayekaa hapo. Fundi anaweza kupunguza kero kwa kuirudisha miguu ndani kidogo na kuweka komeo la chuma chini ya maungio. Hatari kubwa zaidi ni ya kifamilia: meza moja kugeuka ya wazee yenye minofu, na nyingine ya watoto yenye mchuzi. Dawa yake ni kuziunganisha kila mnapokula pamoja na kuchanganya umri, bibi kando ya mjukuu.

Mbao, chuma, kioo

Dutwa ni nchi ya mashamba na malisho. Sehemu kubwa ya Usukuma ilifyekwa miti katika karne iliyopita, kwa kilimo cha pamba na kwa kampeni za kufukuza mbung'o enzi za ukoloni. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 Bariadi ikiwa bado ndani ya mkoa huo, ulifufua ngitili nyingi, yaani malisho yanayotengwa yapumzike, na kurudisha miti, lakini mbao kubwa za samani bado hutoka mbali. Mninga na mkongo huja kutoka misitu ya miombo ya magharibi, upande wa Tabora, Katavi na Kigoma. Paini hutoka Sao Hill, Mufindi, na misaji hutoka mashamba kama Longuza na Mtibwa.

Mninga unastahili sifa zake: hautanuki wala kusinyaa sana, unakubali randa na vanishi, na moyo wake unastahimili mchwa. Nasema moyo, kwa maana ile sehemu nyeupe ya nje huliwa na wadudu kama mbao nyingine yoyote, na rangi ya vanishi inaweza kuificha. Mkongo ni mzito na mgumu zaidi. Msaji ni imara na unatoka mashamba yaliyopandwa, jambo linalopunguza mzigo kwa misitu ya asili. Paini ni nafuu na nyepesi, lakini bila dawa mchwa huimaliza, na uso wake unabonyea kwa sufuria. Inafaa kwa mabenchi yanayobebwa kila siku kuliko kwa uso wa meza.

Isipuuzwe miti iliyo uani. Mwarobaini ni wa ukoo mmoja na mkangazi, na mbao zake wadudu hawazipendi. Mjohoro uliokomaa una moyo mweusi mgumu unaofaa kabisa miguu ya meza. Mkaratusi ni imara lakini hupasuka na kujipinda ukikauka, hivyo unahitaji fundi mvumilivu. Familia iliyo na mwarobaini uliozeeka inaweza kupata meza kutoka kwenye mti wake, ikipanda mingine mahali pake. Anayenunua mninga au mkongo amwombe muuzaji risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Miti hiyo huchukua miongo mingi kukomaa, na anayenunua ya wizi anaimaliza mbao ambayo wajukuu wake wangeihitaji.

Ubao wowote ukirandwa ukiwa mbichi utapasuka kiangazi. Zipo njia mbili rahisi za kuupima. Tia kipande kidogo ndani ya mfuko angavu wa plastiki, ukifunge na kukianika juani. Unyevu ukitokea ndani ya mfuko, mbao bado. Au kipime kipande kwenye mizani ya dukani, ukipime tena baada ya wiki. Kikipungua uzito, subirini.

Miguu ya chuma cha mraba iliyochomelewa na mafundi wa karibu ni chaguo zuri ambako mchwa wamezidi, mradi ncha zivalishwe mpira, kwa sababu maji ya kudekia huozesha chuma kwa kutu. Bao la unga wa mbao na gundi, linalovutia kwa weupe wake madukani, silishauri. Hapa mikono inanawishwa mezani kwa jagi na beseni kabla na baada ya kula, na maji yakiingia kwenye ukingo uliochubuka, bao linavimba na halirudi. Kioo nacho huogopesha penye watoto wengi na sufuria zinazotoka motoni.

Mabenchi na viti

Viti kumi na viwili hula nafasi na fedha nyingi kuliko meza yenyewe. Benchi la futi 5 linachukua watu wazima wawili kwa raha au watoto watatu, linasukumwa chini ya meza baada ya kula, na kanisani au msibani huazimwa kwa urahisi. Lakini benchi halifai kwa wote. Mzee mwenye maumivu ya magoti au mgongo, na mjamzito, wanahitaji kiti chenye egemeo na mikono ya kujiinulia. Mpango unaofaa ni mabenchi manne na viti vinne vizuri, na viti hivyo vigawiwe kwa uhitaji wa mwili kabla ya cheo. Benchi liwe na miguu iliyotanuka kidogo chini, kwani lililo wima kabisa hupinduka mtu wa mwisho akiinuka ghafla.

Kupatana na fundi

Mengi ya migogoro kati ya mteja na fundi huzaliwa na maneno ya mdomo. Andikeni karatasi moja yenye aina ya mbao, unene wa uso, vipimo vitatu vya kila meza, idadi ya mabenchi, namna ya viungo na tarehe. Malipo yagawanywe: kianzio cha kununulia mbao, sehemu ya pili mbao zikishaonekana zimekauka, na ya mwisho siku ya kupokea. Mwombe fundi aunge miguu kwa ulimi unaoingia kwenye tundu na gundi, au kwa bolti zinazofunguka, kwa kuwa misumari peke yake hulegea. Uso wa mbao nzima usigandishwe kabisa kwenye fremu. Uachiwe nafasi ya kutanuka masika na kusinyaa kiangazi.

Siku ya kupokea, zisukumeni meza zote mbili kwa pembeni muone kama zinayumba. Ziunganisheni na kupitisha kiganja kwenye maungio, kwa sababu tofauti ndogo ya kimo inatosha kumwaga uji. Zipindueni mtazame chini, ambako vanishi haikufika na mbao inasema ukweli. Kisha waite watu wote wa orodha ya kwanza wakae, mkubwa hadi mdogo, na sinia tupu katikati. Asiyefika ndiye anayeonyesha kinachotakiwa kurekebishwa kabla fedha ya mwisho haijatoka.

Fedha zisipotosha msimu huu, chukueni meza moja na mabenchi mawili, mkihifadhi karatasi ya vipimo ili ya pili itengenezwe kwa kimo kile kile msimu ujao. Hiyo ni afadhali kuliko meza moja kubwa ya mbao hafifu. Na hata kwa meza moja, kuleni kwa zamu iliyo ya haki: leo watoto na mama waanze, kesho wengine. Meza ya kaya kubwa inapimwa kwa idadi ya wanaoikalia kila siku, na kaya itakayoanza na orodha kamili ya majina haitampa fundi kazi ya kubahatisha.